Kibwagizo Hakikatwi

Fshhhh. Tak. Fshhhh. Tak.

Hiyo ni pasi kubwa ya mvuke, ile ya kukandamiza vitambaa vya meza, kule chini kabisa ya hoteli moja ya West Bay ambako wageni hawafiki. Nilishaondoka pale, lakini sauti yake bado naisikia kuliko mlio wa simu yangu mwenyewe. Kati ya fshhhh na tak, Bi Zuhura, mwenye kuiendesha, alikuwa anapitisha kipande cha mstari wa shairi. Mizani nane, tak. Mizani nane nyingine, tak. Hakuhesabu kwa vidole kama tulivyofundishwa shule. Pasi ndiyo iliyomhesabia.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaokuja Doha na kalamu kwenye begi, mnaonitumia picha za michoro yenu na kuniuliza kazi ya kuchora mabango kwa mkono ikoje. Mimi ni mstaafu. Haya, chekeni. Thelathini sijafika, na kwetu Voi mstaafu ni mzee anayelalamika magoti. Lakini kazi ile nimeiacha, na mtu akiacha kazi na hasira zake ana haki ya kuikumbuka kwa sauti. Siku hizi nasaidia watoto wa chekechea huku Al Rayyan. Tunachora bata wa kijani. Hakuna anayekuja kuniambia huyo bata ana miguu mingi, toa mmoja.

Kuchora sikusomea. Nilimaliza fomu foo, nikaja kama weita. Pale mlangoni mwa mkahawa kulikuwa na ubao mweusi wa kuandikia chakula cha siku, na mwenye ubao alikuwa Kuya Nonoy. Kuya kwa Wafilipino ni kaka mkubwa, na sote tulimwita hivyo, hata Wanepali. Siku moja mkono ulimvimba, akanipa chaki, akasema, "Wewe una mwandiko. Andika supu." Nikaandika supu. Tangu hapo sikubeba sahani tena isipokuwa wageni wakizidi.

Kuya ndiye chuo changu. Alinifundisha kufinya macho. Ukimaliza kuchora, rudi nyuma, finya macho mpaka usione maneno ila uone weusi na weupe tu. Ukiona doa limekolea mahali, hapo herufi zako zimebanana. Mara ya kwanza alifinya macho mbele ya kazi yangu akaniuliza, "Kwenye chumba chenu mnalala wangapi?"

"Wanne, Kuya."

"Mnapumua?"

"Kwa shida."

"Basi usizilaze herufi hivyo."

Lingine nililigundua mwenyewe, na hili ni lenu nyinyi wa Kiswahili: lugha yetu imejaa a. Angalieni neno lolote. Karamu, chakula, vitambaa. Ukiwa na a mbaya umeharibu bango lote, kwa hiyo kaa na a yako wiki nzima kabla hujaomba kazi. Na zisifanane kama mapacha. Siku hizi kompyuta inatoa maandishi eti ya mkono, ukitazama a zote ni ile ile moja imegongwa muhuri. Ya mkono kila moja ina kiuno chake. Halafu karatasi: ukiitoa kwenye baridi ya eisi ukaipeleka upande wa mlango wa mizigo mwezi wa Agosti, inajikunja kama chapati. Iache ipumzike kabla hujatia wino.

Kosa langu kubwa lilikuwa la Kiarabu. Walinipa neno la kukaribisha Ramadhani nilichore ubaoni, nikalinakili kutoka kwa simu, herufi moja moja, kila moja na nafasi yake nzuri, hewa tele kama alivyofundisha Kuya. Sikujua zile herufi hushikana mikono. Mpishi mmoja wa Misri alisimama pale mbele akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, hii si neno, hii ni meno ya bibi yangu!" Nilifuta haraka, naye akanichorea lile neno kwa unga kwenye meza yake ya jikoni, nikajifunza. Kosa la namna hiyo ni zuri. Mtu anakucheka halafu anakuonyesha.

Lipo kosa la aina nyingine, na hilo ndilo limenifanya nikae leo niandike. Nina hasira nalo mpaka sasa na sitaki mtu aniambie nipoe.

Hoteli iliamua kufanya wiki ya vyakula vya Afrika Mashariki. Pilau, mahamri, samaki wa kupaka. Meneja wa masoko, Mista Colin, akataka bango kubwa la mkono lisimame lobi, na ndani yake shairi la Kiswahili. "La huko kwenu," akasema. "Fupi. La furaha." Dan, supavaiza wetu, kijana wa Nakuru mwenye tai iliyonyooka kuliko zote, akanigeukia palepale.

"Mkamburi, si kuna yule mama wa laundri? Huyo hutoanga mashairi kama mate."

Nikashuka chini. Bi Zuhura ni mtu wa Malindi, mwembamba, mikono imekomaa kwa joto la pasi. Nilimkuta anapitisha vitambaa vya karamu ya jioni. Nikamweleza.

"Wataliweka wapi?" akauliza.

"Lobi, Bi Zuhura. Pale mbele, karibu na maua."

Akacheka. "Mimi lobi sijafika tangu nije. Basi litangulie shairi."

Akanitolea lile ambalo watu wote wa chini walishalijua, beti nne. Nawapa mbili mwone lilivyo:

Ukumbi wameremeta, na taa zimechanua,
Wageni wote wapata, kila walichochagua,
Nguo za meza zavuta, nyeupe kama maua,
Mimi nyuma ya mlango, jina langu hawajui.

Mwenyeji ana karama, wageni ahudumia,
Awaita kwa heshima, majina akitumia,
Hakuna wa kusimama, wote viti wakalia,
Mimi nyuma ya mlango, jina langu hawajui.

Alipofika mstari wa nne, vijana wa mashine za kufulia waliitikia naye bila kugeuka, kila ubeti. Mganda mmoja aliyekuwa anakunja taulo hakujua nusu ya maneno, lakini mstari huo aliujua wote.

"Sasa sikiliza, mwanangu," Bi Zuhura akaniambia. "Likiwa refu, punguza beti. Nakuruhusu. Kibwagizo usikiguse. Hiyo mistari mitatu inakuja kumfungulia njia huyo mmoja. Ukimtoa, mimi nabaki nasifu meza za watu."

"Sitakigusa, Mama."

"Nakwambia kwa sababu ninaye wa kuniuliza."

Akanieleza. Ana kundi la washairi wa kwao, wanakutana kwenye WhatsApp, wanatungiana kwa sauti: huyu anatupa ubeti, yule anamjibu. Mwenye kuamua ni kaka yake mkubwa. Mwanamke ni yeye peke yake, na ilichukua muda mrefu mpaka wale wanaume wakakubali kunyamaza akitoa shairi. Lile la mlango alikuwa ameshawatolea, na kaka yake alisema hili limesimama. Sasa katika kundi lile kuna jina baya moja. Mtu akitunga kumsifu tajiri ili apate kula, wanamwita mlambasahani. Kuna mzee aliitwa hivyo ujanani na mpaka leo akianza shairi mtu anagonga kijiko kwenye bilauri.

"Hilo jina halioshwi," akasema, akashusha pasi. Tak.

Nilichora kwa mapenzi yangu yote. Hapa mnisikilize, hii ni kazi. Ukipewa shairi ulitengenezee bango, usichore vitu lilivyovitaja. Likisema maua nawe ukachora maua, umesema jambo moja mara mbili na msomaji amechoka. Tafuta mahali anaposimama msemaji, chora pale. Mimi nilichora mlango mrefu ulioachwa wazi kidogo. Kutoka ndani ya ufa nuru inamwagika, na mistari ya sifa nikaiandika ndani ya nuru ile, kwa herufi nyembamba za kifahari. Kibwagizo nikakiweka nje ya mlango, upande wa giza, kwa herufi nene, mara nne, kila kimoja mkabala na ubeti wake. Ukifinya macho unaona kama mtu anayepumua nyuma ya mbao.

Kuya Nonoy haelewi Kiswahili hata cha kuombea maji. Alirudi nyuma, akafinya macho. Halafu akauliza, "Nani huyo nyuma ya mlango?"

Nilitaka kumkumbatia.

Tukaenda kwa Mista Colin, mimi na Dan. Kiingereza changu ni cha kuagizia oda, kwa hiyo Dan ndiye alikuwa mdomo. Mista Colin alilitazama bango akafurahi kwelikweli.

"Mlango wazi! Karibuni! Nimelipenda. Hakuna simba?"

"Aliyetunga hajawahi kuona simba, Mista," nikasema. Akacheka, akafikiri natania.

Halafu akaweka kidole kwenye upande wa giza. "Ila hapa umekosea. Umenakili mstari huu mara nne."

Nikamwambia si kosa, ndivyo shairi linavyokwenda, linarudi pale. Nikamwambia Dan, mweleze maana yake. Na Dan, anayejua Kiswahili, aliyelishwa Kiswahili na mama yake, akamtazama Mista machoni akasema, "Ni kiitikio tu, bosi. Maana yake msemaji ni mtu mnyenyekevu."

Mnyenyekevu!

Wadogo zangu, Mista Colin hajui lugha yetu, naweza kumweka kwenye fungu la wasiojua. Dan simpatii fungu. Nilimfuata kwenye kijia cha wahudumu nikamwuliza umesema nini kule ndani.

"Wacha ukali, Mkamburi."

"Umesema mnyenyekevu. Mama wa watu anasema hawamjui jina, wewe unasema ni mnyenyekevu."

"Ulitaka niseme nini? Bosi, huyu mama anakuchamba? Tupelekwe nyumbani juu ya laini moja?" Akanyoosha tai yake. "Ni posta ya pilau, bana. Hakuna mtu atasoma."

"Kama hakuna mtu atasoma, mbona mnakata?"

Akageuka akaondoka. Alikuwa na woga, niliuona, na woga naujua, sote tumetoka na mikataba ile ile. Lakini woga wake aliulipia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Uamuzi ukawa hivi: kiitikio mara moja kinatosha. Nikarudi chini kumwambia Bi Zuhura. Alimaliza kwanza kupiga pasi kitambaa kizima.

"Mara moja," akasema.

"Mwisho kabisa, Mama. Nitakiandika kwa herufi kubwa kuliko zote. Mtu akifika chini atakipata."

"Haya. Mwenye masikio atakirudisha mwenyewe kila ubeti. Ilimradi kiwepo."

Nikachora upya. Mlango uleule, nuru ileile, na chini, kwenye kizingiti, mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Niliutia wino mara mbili. Kuya akaja na kiti chake akakaa karibu nami, akinichongea penseli.

Siku ya ufunguzi nikapanda lobi kuangalia linavyosimama. Mnajua nilikuta nini? Juu ya kizingiti, kutoka ukingo hadi ukingo, stika ndefu ya rangi ya dhahabu. "Karibu! Wiki ya Ladha." Na ile alama ya miraba ya kuskani kwa simu ili upate menyu. Imebandikwa juu ya mstari wangu, nadhifu, haijapinda hata kidogo. Pembeni kwa herufi ndogo wameongeza: shairi la jadi la Kiafrika. La jadi! Mtunzi yuko hai, yuko chini ya miguu yao, anawapigia pasi kitambaa cha meza.

Nikamwendea Mista Colin na Kiingereza changu hichohicho cha oda. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniwasha zaidi. Alinieleza taratibu kama mtu anayemweleza mtoto. Menyu ilihitaji mahali, wakaangalia, na hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

Nafasi. Mstari niliotia wino mara mbili, unaoonekana kutoka kwenye lifti, yeye aliuona ni nafasi. Nikasema stika itolewe. Akasema tutaona wiki ijayo. Dan alikuwa amesimama palepale anatazama viatu vyake.

Picha za lobi zikaanza kuzunguka. Watu wa kwetu walifurahi, na siwalaumu. Ukiona Kiswahili kimesimama West Bay kati ya marumaru zile, lazima utoe simu. Weita mmoja akamtumia binamu yake, binamu akamtumia shangazi, na kabla wiki haijafika katikati bango likawa limeingia kwenye lile kundi la Malindi. Jina la Bi Zuhura halikuwepo kwenye bango, lakini wale shairi lake walilijua kama wanavyoijua sauti yake. Walichokiona ni shairi lililosimama, sasa limekatwa mguu, linachekea hoteli.

Nilimkuta amezima pasi. Sijawahi kuiona imezimwa saa ya kazi. Akanipa simu nisikilize. Sauti ya mwanamume, ya kuimba, tamu kabisa:

Zuhura wetu kashiba, sasa asifu sahani!

Na nyuma yake, kijiko kwenye bilauri. Ting, ting, ting. Na vicheko.

"Kaka yako amesema nini?" nikauliza.

"Hajasema." Akaichukua simu, akaifuta kwa upindo wa mtandio. "Angecheka ningejua ananitania. Angenitukana ningemjibu, najua kumjibu. Yuko hewani tangu asubuhi, namwona, na amenyamaza. Wote wanamngoja yeye. Akinyamaza mpaka Ijumaa ipite, siku yetu ya kukutana, limenikaa."

"Waambie, Mama! Waambie walikata wao."

"Kila mlambasahani husema walimkatia wengine." Akanitazama, na macho yake hayakuwa na ukali wowote juu yangu, laiti yangekuwa nao. "Mstari wangu uko wapi, Mkamburi?"

"Uko palepale, Mama. Uko chini ya stika."

"Hukuufuta?"

"Sikuufuta. Ni wino."

"Basi upo," akasema. Akawasha pasi.

Nilipanda ngazi za wahudumu nalia kwa hasira, na nyinyi mtakaolia kwenye ngazi hizo mjue si nyinyi wa kwanza. Nilikuwa na hasira na stika, na lile neno nafasi, na tai ya Dan. Nilikuwa na hasira na wanaume wa Malindi wanaogonga kijiko wakiwa wamekaa barazani. Mtu anaweza kufanya kazi kwa mikono yake siku nzima, aseme jambo moja tu, moja, na watu wa sehemu mbalimbali, wengine hata hawafahamiani, wakasaidiana kulinyamazisha, kila mmoja akiwa na sababu yake nzuri. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni. Dan alipouliza kama naongeza, nilimwambia hapana, na kalamu nikamwambia ni zangu, natoka nazo.

Ijumaa ikafika. Wenzangu waliokuwa zamu ya mapumziko walipanda basi kwenda Mesaimeer kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa. Mimi nikasema kichwa kinaniuma. Mchana, wakati wa swala, lobi ya hoteli ile hutulia mpaka unasikia maji ya chemchemi ya ndani. Mapokezi palikuwa na msichana mmoja, na yeye alikuwa ameingia chumba cha nyuma na simu ya mgeni. Nikatembea mpaka mbele ya bango.

Stika hailazimishwi. Ukiivuta kwa nguvu inaondoka na ngozi ya karatasi. Gundi inataka joto kwanza, na mimi sikuwa na kifaa, kwa hiyo nikaweka kiganja changu bapa juu ya ile dhahabu nikakibana, nikangoja. Kisha kiganja cha pili pembeni yake. Ilipolegea nikaingiza ukucha kwenye kona, nikaivuta kwa kuilaza chini, karibu nusu ya upana wa kidole kwa mara moja, nikisimama, nikipasha tena, nikivuta. Menyu ikaondoka. Ladha ikaondoka. Karibu ikaondoka. Mstari ukatoka chini yake mweusi vilevile, umechubuka hapa na pale lakini mzima. Lile neno jadi nalo nikalikwangua kwa ukucha.

Nikakunja stika mfukoni, nikarudi nyuma, nikatoa simu nipige picha nimtumie Bi Zuhura awatupie kundini kabla jua halijatua. Kwenye kioo cha simu ndipo nilipoona. Pale mwanzo kabisa, gundi ilikuwa imeng'oa herufi moja. Ilisomeka: imi nyuma ya mlango.

Nikaweka simu sakafuni. Nikapiga magoti kwenye marumaru, nikafungua kalamu yangu nene kwa meno, nikaichora M.